Zamu ya nani kununua umeme?

Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa tatu. Mtaa mzima ulikuwa na taa. Feni ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara ilikuwa inazunguka kama kawaida, na redio ya duka la pembeni ikawa ndiyo muziki pekee uliobaki. Uniti zetu zilikuwa zimekwisha. Watu kama sabini wamekaa kwenye viti vya plastiki, kijana wa watu kashika gitaa lililonyamaza ghafla, na gizani sauti tofauti tofauti zinauliza jambo moja: "LUKU alikuwa anunue nani?" Kila mmoja wetu alidhani ni mwenzake. Na kusema kweli hakuna aliyezembea, maana hakuna aliyekuwa amepangiwa.

Chumba chetu zamani kilikuwa cha mashine ya kusaga. Mpaka leo besi ikipigwa kisawasawa, vumbi jeupe la unga linashuka kutoka kwenye kenchi na kutua kwenye vichwa vya watu, na mgeni asiyejua hudhani ni mbwembwe za jukwaani. Tunakiita ukumbi kwa kujikweza tu. Tumekipanga, tuko kumi na wanane tunaolipa ada, na wengine wengi wa kuja na kuondoka: wachoraji, wapiga gitaa, binti anayefinyanga udongo na watoto kila Jumamosi, vijana wa kughani ambao hawajawahi kulipa hata mia lakini bila wao Ijumaa haijai. Yupo pia mama mmoja fundi cherehani, mtu mzima, ambaye mara ya kwanza alikuja kutugombeza kwa kelele na sasa ndiye mweka hazina. Hakuna anayelipwa.

Nimekaa pale miaka minne, na nimeona kundi la kwanza likimalizika, la pili likija, na la pili nalo likianza kupungua. Kila watu wanapopungua, maelezo yanayotolewa ni yale yale: vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Siku hizi nikilisikia hilo nanyoosha mkono kuomba kusema.

Kwanza, neno lenyewe limechoka. Ukiambiwa mtaani kwamba binti fulani yuko ofisi fulani, "anajitolea", hujaelezwa habari za ukarimu wake. Umeelezwa kwamba amemaliza chuo, ajira hakuna, na huu ni mwaka wa pili anapanga mafaili ya watu akingoja nafasi itokee. Halafu kuna kujitolea kwa semina, ambako mchana unajitolea na jioni unasaini karatasi ya nauli. Sisi ukumbini tuliwapokea watu waliofundwa na mazoea yote mawili. Wengine walikuja kungoja mradi, wengine kungoja nauli. Vyote vilipochelewa, nao wakaanza kuchelewa, kisha wakawa hawapokei simu. Kuwaita watu hao wasio na moyo ni kuwaonea. Walikuwa na moyo na mahesabu, na mahesabu hayakutoka.

Mimi naamini kilichokosekana ni zamu. Neno hilo nalipenda kwa sababu lina pande mbili, na Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenganisha. Zamu yangu ya kufagia ni zamu, na zamu yangu ya kupokea mchezo pale kina mama wanapocheza upatu ni zamu vilevile. Ya kutoa na ya kupata, jina moja. Mahali penye zamu ya kutoa tu panakuwa kibarua kisicho na malipo, na mtu hafanyi kibarua cha bure miaka mingi, hata akipenda muziki namna gani.

Nililiona hilo siku ya msiba.

Jirani wa nyuma yetu alifiwa na mama yake. Kijana wa pale akaja usiku, macho mekundu, kuomba viti na spika mbili kwa ajili ya mawaidha. Katibu wetu, mtu mwema tu, akamfungulia kitabu cha kanuni tulizojiandikia wenyewe: vifaa havitoki nje ya ukumbi. Kijana akasema sawa kaka, akaondoka. Kikao kilichofuata, mama mweka hazina hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani kama mtu anayepita.

"Katibu, shikamoo yako nimeipokea. Sasa nikuulize, mwanangu. Wewe ukifa kesho, nani atakukalia matanga? Spika?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza habari za chama chake cha kufa na kuzikana, kilichokuwapo kabla katibu hajazaliwa. Kina sufuria kumi na moja kubwa, turubai mbili, mikeka, sinia, na daftari. Kila kaya inatoa ada ndogo ya mwezi, na kukitokea msiba inatoa pia unga, kuni au mtu wa kuosha vyombo. Asiyefika msibani bila udhuru anaandikwa. Akiandikwa mara tatu anaitwa kujieleza, na kujieleza mbele ya kina mama wale, alisema, ni bora ulipe. Mfadhili hakuna, nembo hakuna, na kauli mbiu hakuna. Sufuria zinalala kwa zamu nyumba kwa nyumba, na kila mwisho wa mwaka zinahesabiwa.

"Kwa nini kinadumu?" aliuliza binti wa udongo.

"Kwa sababu kila mtu anajua atakufa."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote cha uongozi nilichowahi kusoma. Watu wa mtaa huo huo tunaosema hawana moyo wanabeba sufuria za wali usiku wa manane kwa ajili ya marehemu ambaye hata hawakuwa wakisalimiana naye vizuri. Wanafanya hivyo kwa sababu zamu yao itafika na wanaijua. Mtu wa ukumbini kwetu alikuwa hajui zamu yake ya kupata ni ipi. Mpiga gitaa apigaye kila Ijumaa, sawa, yeye anaionja wiki kwa wiki. Lakini yule anayefagia baada ya wapiga gitaa kuondoka, siku yake ni lini?

Hapa ndipo historia ya pwani yetu inapotusuta, maana huku sanaa na kuzikana vilikuwa vikikaa kwenye daftari moja. Beni, ngoma ya kuigiza gwaride na bendi za kizungu, ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikasambaa hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Wengi wanaikumbuka kwa sare, tarumbeta na vyeo vya kujipachika, vya kijeshi na vya kifalme, na kwa upinzani wa kambi zake mbili, Marini na Arinoti. Wanachosahau ni kwamba chama cha beni kilikuwa pia cha kusaidiana. Mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa na wenzake, akisafiri kwenda mji mwingine alipokewa na watu wa ngoma yake. Kwa mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi mjini, ambako hana shangazi wala mjomba, gwaride la Jumapili ndilo lililokuwa kadi yake ya ukoo. Ndiyo maana watu walitumia vijisenti vyao kununua kofia na filimbi. Wakoloni waliona ujinga. Ilikuwa bima.

Kina mama wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada wakishindana kwa mavazi na nyimbo mpaka mji unagawanyika. Humo nako mlikuwa na michango ya harusi na misiba. Zanzibar, Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905 na bado kipo, chama cha taarab kikongwe kuliko vyote vilivyo hai. Umri huo haukuletwa na bahati. Kimeona masultani, kimeona Waingereza, kimeona Mapinduzi ya 1964 na siasa ikiingia hadi kwenye majina na nyimbo za klabu. Culture Musical Club, ambacho mwaka 1958 kilianza kwa jina la Shime Kuokoana, nacho kimepita humo humo. Hilo jina la zamani nashangaa kwa nini waliliacha. Mtu anayeunda kikundi cha muziki na kukiita Shime Kuokoana ameshakueleza katiba yake yote.

Na taarab ilikuwa na zamu iliyo wazi: harusi. Ulijua utaoa au utaoza, na siku hiyo wenzako watakuja na fidla na ganuni na kukesha. Hata msikilizaji asiye mwanachama alikuwa na mlango wa kuingilia, kutunza. Mama anainuka kwenye kiti, anatembea polepole kuelekea jukwaani, noti ikining'inia vidoleni, anacheza kidogo ili wote waone nani ametunza na ubeti upi umemchoma, au ubeti upi anataka umchome mwingine aliyekaa safu ya nyuma. Ile noti inalipa chama, lakini pia inamfanya msikilizaji awe sehemu ya wimbo. Ukilinganisha na sanduku letu la michango lililowekwa mlangoni na maandishi "changia sanaa", unaona jinsi tulivyo wageni kwenye nchi yetu. Nani anataka kutumbukiza noti kwenye tundu la mbao ambako haionekani?

Bara nako bendi zilianza hivyo hivyo. Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932, Morogoro Jazz ya 1944 na nyingine zilizofuata zilikuwa klabu kwanza na bendi baadaye. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, wanamuziki walikuwa na kazi zao mchana, jioni wanakutana. Mwaka 1964 ikaja Nuta Jazz chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na hapo mwanamuziki akaajiriwa, akapata mshahara wa mwezi. Sitasema ulikuwa ubaya. Mpiga tarumbeta ana watoto kama mtu mwingine, na tulipata muziki ambao mpaka leo ukipigwa baa watu wanaacha kuongea. Ila utaratibu ulibadilika. Chombo kikawa cha mwajiri, na klabu ya wanachama ikawa mashabiki. Tangu hapo mtu wa kawaida hana ufunguo wa chumba cha vyombo.

Kizazi cha karibu kimejengwa juu ya kanuni nyingine, ya mfadhili. Paa ya Paa, kituo cha sanaa, ilianzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake kwa ndoto ya wasanii kuwa na mahali pao. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza mengi, na bado haikuzimika. GoDown, kituo kingine cha sanaa, ilifunguliwa mwaka 2003 kwenye ghala la zamani eneo la viwandani Nairobi, na jina lake ni neno ambalo makuli wetu wanalijua kwa tahajia yao, godauni. Nafasi, pale Mikocheni, Dar es Salaam, imewapa wasanii makontena ya kufanyia kazi tangu mwaka 2008. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilianza Unguja mwaka 2002 na kimefundisha ganuni na ngoma kwa vijana ambao wazazi wao hawangeweza kulipia mwalimu. Zote hizo zimefanya kazi ambayo vikundi kama chetu haviwezi kuiota. Mwaka 2019 DCMA ilipotangaza kwamba inaweza kufungwa kwa kukosa fedha, niliona jinsi mahali pakubwa panavyoweza kutikisika kwa sababu watu walio mbali wamebadilisha vipaumbele vyao. Ilinusurika. Lakini chuo kinahitaji walimu wanaolipwa, na hakuna zamu ya kufagia itakayolipa mishahara. Nisieleweke vibaya: sisemi fedha za nje ni haramu. Nasema mahali pa kujitolea pakijengwa kwa umbo la mradi, watu wake watakaa kwa umbo la mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Kuna mfano wa mbali ninaoupenda, kwa sababu ni wa watoto wa punki, ule muziki mkali wa gitaa, watu wanaodhaniwa hawataki kanuni yoyote. Mjini Berkeley, California, ukumbi wa 924 Gilman Street ulifunguliwa tarehe 31 Desemba 1986 na umeendeshwa na watu wa kujitolea tangu wakati huo. Kwa miaka mingi kuingia kulihitaji kadi ya uanachama ya dola 2 kwa mwaka, na mwenye kadi ana sauti kwenye mkutano wa wanachama. Ndani pombe hakuna, ngumi hakuna, ubaguzi hakuna. Mwaka 1988 walioanzisha waliona imetosha, wakaufunga. Wanachama wengine wakauchukua, wakafungua. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapousimulia. Mahali pengi pa namna hii pakiachwa na mwanzilishi huwa pamekwisha, maana ufunguo, namba za simu na deni la kodi vyote viko mfukoni mwake. Pale kulikuwa na mkutano uliozoea kuamua, kwa hiyo kulikuwa na wa kupokea.

Hata kanuni yao ya kutoruhusu bendi zilizosaini na kampuni kubwa za muziki, ambayo binafsi naiona kali, iliwashika vipenzi wao wenyewe. Bendi ya Green Day walikulia pale, wakasaini, mlango ukafungwa. Walirudi jukwaani hapo mwaka 2015, kwenye onyesho la kuchangia.

Sasa nirudi kwenye fagio, maana wanaosifu zamu mara nyingi hawalishiki. Baada ya ile aibu ya umeme tulibandika karatasi ukutani: majina, siku, kazi. Mwezi wa kwanza nilikaa nikaisoma vizuri. Kufagia, kuosha vikombe, kupokea watoto: wasichana wanne, wanazunguka wao kwa wao. Miksa, spika, kupanga ratiba ya wasanii: wavulana. Hakuna aliyekaa kikao kupanga hivyo. Kila mtu "alichagua". Na wale wasichana wawili waliokuwa wameacha kuja, nilipowatafuta na kuwauliza, mmoja aliniambia bila hasira, "Kaka, kufagia nafagia nyumbani." Sasa mwenye kupiga ndiye anayefagia usiku huo, na miksa inafundishwa kila Jumanne kwa yeyote aliyeshika fagio. Mpiga besi wetu mmoja alihama ukumbi kwa ajili ya kanuni hiyo. Alikuwa mzuri sana, na bado nasikitika. Lakini siku hizi tuna mabinti watatu wanaoweza kufunga waya wote wa jukwaa, na mmoja ameanza kuitwa kwenye shughuli za watu kwa malipo. Yule ameiona zamu yake.

Lipo na swali la nani anamudu kujitolea. Saa zangu nne za Ijumaa zinalipiwa na mtu. Kwangu ni mke wangu, anayewalaza watoto peke yake siku hiyo. Kwa kijana wa miaka ishirini ni mama yake, anayempikia bila kumuuliza. Asiye na wa kumbeba hawezi kuja, na tukijisahau tunadhani hapendi sanaa. Dawa yake kamili sina. Tumeanza na jambo dogo, kwamba mwenye zamu ya usiku anakula hapo hapo, wali na maharage, na chakula kinatoka kwenye mfuko wa ada kabla ya kitu kingine chochote. Katibu alipinga kwamba ni matumizi yasiyo ya sanaa. Alipigiwa kura akashindwa, na naona sahani yake huwa haibaki kitu.

Na vifaa sasa vinatoka. Msiba wowote mtaani, viti vinakwenda na spika mbili zinakwenda, bure, na mmoja wetu anakwenda nazo na kukaa nazo. Daftari la mama lina ukurasa wake. Mwezi wa nne tulipokatiwa maji, waliotuletea ndoo ni wale tuliokuwa kwao matanga, na kelele za Ijumaa hakuna tena anayezisemea kwa mjumbe. Ukumbi umeingia kwenye hesabu za mtaa.

Lakini daftari likishakuwapo lina ukali wake, na Jumapili hii tuna kikao kinachoniumiza kichwa. Mwenzetu mmoja wa zamani, kati ya walioanza, alihamia mbali miezi minane iliyopita. Ada hajalipa, zamu hajashika, ujumbe alikuwa anausoma bila kujibu. Wiki hii ameandika kwa unyenyekevu kwamba dada yake anaolewa, na anaomba ukumbi, viti, spika na sisi tukapige. Mama mweka hazina amesema daftari ndilo litakalosema. Binti wa udongo anasema mtu aliyebeba spika mgongoni mwaka wa kwanza, tulipokuwa hatuna hata mkokoteni, hafutwi kwa miezi minane. Wote wawili wananishawishi, kwa zamu. Mimi nimeshaamua kupiga kura apewe ukumbi na muziki. Viti akakodi, na usiku huo kufagia afagie yeye.